Fort Portal kwa basi, kwenda na kurudi siku moja, mwezi wa 7, bila sweta

Mchapaji wa Nasser

Wakuu, salaam. Mimi mzaliwa wa Bukoba, huu mwaka wa 6 niko Kampala, kazi yangu mashine za kuchapa pale Nasser Road. Miaka yote hiyo nikiulizwa "umefika wapi Uganda?" jibu lilikuwa Kampala, Mutukula ya kupita, na Jinja mara moja kwenye harusi. Aibu. Jumatano iliyopita mashine yetu kubwa ilikuwa imefunguliwa matumbo nje, inasubiri kipuri kutoka Nairobi, bosi akasema turudi Alhamisi. Nikajiambia leo naenda kuiona theluji ya Rwenzori kwa macho, jioni nilale kwangu Kawempe.

Naandika kwa urefu kwa sababu nilipotafuta maelezo ya safari hii kwa Kiswahili sikukuta kitu. Mvumilivu asome, mwenye haraka ashuke chini kwenye koti.

Tiketi nilikata jioni ya Jumanne, Kisenyi. Jina la basi mnisamehe, sitalitaja, nauli ilikuwa elfu 35. Sasa mnajua raha moja ya kuishi na Waganda: saa wanahesabu kama sisi. Ssaawa emu ni saa moja, hakuna kubishana. Tatizo ni tiketi, maana ile inachapwa kizungu. Imeandikwa 5:00. Mimi niliyechapa tiketi za watu maisha yangu yote nikaikodolea macho, nikamuuliza kijana wa dirishani mara mbili: saa 11 alfajiri au saa 5? Akanitazama kama mshamba. Saa 11.

Saa 11 nipo. Basi lipo. Dereva hayupo. Walimpata saa 12 kasoro robo, basi limejaa mpaka vile viti vya kukunja vya katikati, tukatoka. Busega tukapita kabla foleni haijafunga.

Kiti changu kilikuwa cha dirishani, na hapo ndipo kisa kilipoanzia. Kioo kilikuwa kimetoka kwenye reli yake, hakifiki mwisho, kimeacha mwanya wa vidole vitatu hivi. Kampala hukuhisi kitu. Tukipita Mityana jua halijakaza, upepo ukawa unaingia pale kama mtu anakupuliza sikioni makusudi. Nimevaa shati la mikono mifupi. Nikamwita konda, akaja, akakisukuma kioo kwa kiganja, kikagoma, akaniambia "ssebo, ni dirisha," akaenda zake. Hiyo ndiyo huduma kwa wateja.

Kando yangu alikaa mama wa makamo, kavaa sweta mbili na shuka juu yake, ana kikapu miguuni. Akanitazama nilivyojikunyata. Akatoa gazeti la Luganda kwenye kikapu, akanipa bila neno. Nikalikunja mara tatu kama tunavyokunja kurasa za kitabu kabla ya kushona, nikalibana kwenye mwanya. Likashika. Mama akagusa mkunjo kwa kidole, akaukagua, akasema kwa Kiswahili kizuri tu: "Wewe unafanya kazi ya karatasi." Nikamwuliza kajuaje. Akasema mtu mwingine angelifanya donge.

Kiswahili chake alikipata kwa mumewe aliyekuwa jeshini. Tukaanza kuongea hapo hatukukoma. Tumepita Mubende, tumepita Kyegegwa ambako walipanda akina mama watatu wa Kikongo kutoka kambi ya Kyaka, basi likawa kama Goma kwa dakika tano, kicheko, watoto, kuku mmoja. Sasa mama akaniuliza: "Empaako yako nani?"

Kwa wasiojua, Watoro (kabila la huko Fort Portal) kila mtu ana jina la tatu la kuitana kwa mapenzi na heshima. Yako machache tu, kabila zima linagawana: Adyeri, Amooti, Akiiki, Araali, Abwoli, Atwooki na mengine. Humsalimii mtu bila hilo. Kumwita mkubwa wako kwa jina lake tupu ni kama kumnyooshea kidole. Nikasema sisi Bukoba hatuna. Akashtuka kweli, kama nimemwambia sina shati. "Sasa nitakusalimia vipi?"

Wakati huo tunavuka daraja la mto Muzizi. Akachungulia nje juu ya gazeti letu, akasema huko chini zamani aliishi joka la mto, na jina lake ni Ateenyi. "Basi wewe Ateenyi. Oraire ota, Ateenyi?" Maana yake umelalaje. Konda akasikia, kutoka hapo mpaka Fort Portal akaniita Ateenyi, yule yule aliyeniambia "ni dirisha."

Kutoka Kyenjojo ni chai. Imepandwa mpaka ukingoni mwa lami, kijani kimoja, na ukungu umeikalia. Mama akashukia njiani humo, gazeti akaniachia.

Naendelea, nakula kwanza.

Msafiri wa Busia

Mkuu usituache hapo. Theluji uliiona?

Shangazi Rubaga

Anatuambia kioo na gazeti aya nne, theluji hajaigusa. Ninyi waandishi.

Mchapaji wa Nasser

Nimerudi. Nimefika Fort Portal saa 5 kasoro. Mji umefagiliwa, hakuna takataka, boda wamepanga mstari. Ulifanywa jiji tarehe 1 Julai 2020 pamoja na Mbale, Jinja, Gulu, Arua, Masaka na Mbarara, lakini usitegemee jiji la kelele. Mtaa mkuu unautembea wote kabla chai haijapoa.

Mlima? Nilimwuliza kijana wa boda, "Rwenzori iko wapi?" Akanyoosha mkono magharibi kwenye wingu. Ukuta mweupe kuanzia ardhini hadi mbinguni. "Iko pale." Nikasubiri nusu saa nikinywa chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati. Iko pale. Manyunyu yakaanza. Shati la mikono mifupi.

Tiketi ya kurudi saa 10 jioni, nina saa 5 mkononi. Wakuu, niwaambie ukweli: ningeweza kwenda kwenye mapango, ningeweza kwenda ikulu ya mfalme. Nilichofanya ni kumwuliza boda wapi naweza kupata sweta. Akacheka. "Leo Jumatano. Mugusu."

Mugusu ni gulio la mitumba njia ya Kasese, kilomita 11 hivi kutoka mjini, na siku yake kubwa ni Jumatano. Sijaona kitu kile tangu nizaliwe. Mlima wenyewe wa nguo. Mabelo yanafunguliwa chini juu ya maturubai, watu wanachomoa kwa mikono miwili kama wanavuna mihogo. Nikakuta rundo la makoti ya baridi, yale manene ya Ulaya yenye kofia, huku kwetu nani anayavaa? Muuzaji anasema elfu 40. Nikasema 15. Akageuza uso. Nikasema, "Nyongeza kidogo, mimi Ateenyi." Akanigeukia, macho yamebadilika. "Ateenyi wa wapi?" Nikasema wa kwenye basi. Akacheka mpaka akakaa juu ya rundo. Akaniachia kwa 20.

Nikalivaa hapo hapo. Koti la bluu, zito, zipu nzima. Kwenye boda ya kurudi mjini nikaingiza mkono mfuko wa ndani, nikagusa kikaratasi. Nikakitoa nilipofika. Tiketi ya basi. Imefifia, lakini mimi maandishi yaliyofifia ndiyo kazi yangu: Innsbruck, na mwezi ni wa kwanza. Nikaangalia kwenye simu. Innsbruck ni mji wa Austria, milima pande zote, theluji. Kuna mtu alipanda basi mwezi wa kwanza kwenda mji wa milimani kavaa koti hili hili.

Nikabaki nimesimama stendi ya Fort Portal nacheka peke yangu.

Kurudi: basi la saa 10 likatoka saa 11 kasoro, Busega tumekaa saa nzima, Kawempe nimefika saa 5 usiku. Gharama zote pamoja na koti hazikufika laki na nusu. Maswali karibu.

Mzee wa Old Kampala

Kijana, mimi njia hiyo nimeiendesha enzi ambazo ukitoka Mubende kwenda mbele ni vumbi jekundu, abiria wanashuka wote rangi moja. Mmekuwa wadeke. Kioo! Sisi mabasi mengine yalikuwa hayana kioo kabisa, yana turubai.

Mambo mawili. Kwanza, kwenda Fort Portal unakaa upande wa kushoto, mbele. Ukishapita Kyenjojo, siku mlima ukiamua kujitokeza, unautokea mbele kushoto. Wewe nadhani ulikaa kulia.

Pili, ulipita Mubende hukutuambia habari ya kilima cha Nakayima. Kuna mti pale juu mizizi yake imesimama kama vyumba, mtu anaingia akakaa. Watu wanapanda na kahawa na sarafu kuomba watoto. Dereva mzuri alikuwa anapunga mkono upande ule akipita. Mimi nilikuwa napunga, na mimi Mwislamu. Ajali sikupata.

Mchapaji wa Nasser

Mzee, ni kweli nilikaa kulia. Shikamoo.

Mzee wa Old Kampala

Marahaba.

Abwoli wa Virika

Habari zenu. Mimi Mtoro, mwalimu, nimefundisha Fort Portal miaka mingi, Kiswahili nilijifunza Morogoro. Nina furaha na nina malalamiko.

Furaha: mdogo wangu ameandika habari zetu kwa upendo. Malalamiko: empaako haitolewi kwenye basi. Mtoto anapewa kwenye shughuli, nyumbani, shangazi zake wapo, anabebwa, wanamtazama anafanana na nani katika ukoo, kisha wanakula pamoja, kalo (ugali wa ulezi) na vinono vyake, ndipo jina linatamkwa. UNESCO mwaka 2013 waliiweka mila hii kwenye orodha ya zile zinazohitaji kulindwa haraka, kwa sababu ile shughuli inapotea, vijana wanabaki na jina bila chakula. Sasa wewe umepewa na gazeti!

Lakini mgeni tunampa, siyo dhambi. Mgeni asiye na empaako anatutesa sisi zaidi, hatujui pa kumshika. Na yule mama alikupa ya mtoni mlipovuka mto, amefikiri. Mimi Abwoli, ambayo wenyewe tunasema ni ya paka. Ningependa kubadilisha lakini nilichelewa.

Majina haya asili yake ni Kiluo. Ndiyo maana ukimwuliza Mtoro wa kawaida "Adyeri maana yake nini kwa Kitoro?" atakuzungusha.

Swali langu: saa 5 mjini, ukaenda kununua koti? Yale mapango ya Amabere yako kilomita kama 8 tu!

Mwana Beni

Bandugu salaam. Mimi ni Mukongomani, niko Kyegegwa, kambini Kyaka II. Hao mamaa watatu na kuku inaweza kuwa ni majirani wangu, kuku nitauliza.

Nimecheka ya Kiswahili. Sisi tulipofika Uganda tulizani tutabakia bubu. Kumbe barabara hiyo yote, basi, soko, hospitali, boda, polisi, kuko mutu wa Kiswahili. Fort Portal sokoni siku nyingine mimi naongea saa nzima sijatafuta mukalimani. Kampala ndiyo wanakuangalia vibaya, wanazani we ni askari.

Baridi ya Kyaka asubuhi ni ya kweli. Turubai inatoa maji ndani utasema imenyesha ndani ya nyumba. Hilo koti usiliuze.

Msafiri wa Busia

Hahaha "wanadhani we ni askari". Mimi Mkenya, niko Ntinda, nikiongea Kiswahili kwa duka mtu anarudisha chenji haraka na mikono miwili. Sijui nifurahi ama nikasirike.

Shangazi Rubaga

Mwalimu Abwoli, tueleze hayo mapango, mimi na wanakwaya wenzangu tunatafuta pa kwenda.

Abwoli wa Virika

Dada, yanaitwa Amabere ga Nyina Mwiru, yaani matiti ya mama yake Mwiru. Njia ya Bundibugyo. Ni mwamba umechimbwa na maji, ndani yananing'inia mawe kama chuchu, yanadondosha maji meupe kama maziwa. Hadithi yetu ni kwamba mfalme Bukuku aliagiza binti yake Nyinamwiru akatwe matiti ili asiolewe, kwa sababu aliambiwa mjukuu atamwua. Binti akapata mtoto vilevile, Ndahura, na mtoto akanyonyeshwa kwa maji ya mwamba. Mwisho wake Bukuku aliuawa na mjukuu huyo. Kuna maporomoko kando yake, unapita nyuma ya pazia la maji. Vaa viatu vya kushika, si vya kanisani. Ukipanda juu kidogo unaona maziwa ya kreta, duara kama sahani.

Mkipita shule ya Nyakasura msishangae kuona wavulana wamevaa sketi. Ni sketi za Kiskoti. Shule ilianzishwa mwaka 1926 na Mskoti, akaleta na vazi la kwao. Wanafunzi wanalivaa mpaka leo, magoti nje, baridi hiyo hiyo anayolilia Ateenyi wetu.

Mwalimu wa Ramani

Wakuu, nimesoma uzi wote, niseme la jiografia halafu nikae.

Sisi wa pwani tunajua kipupwe, pepo za kusi, mwezi wa 6 hadi wa 8. Fort Portal iko kaskazini kidogo tu ya mstari wa ikweta, haifiki hata digrii 1. Kipupwe hakuna pale. Mwezi wa kwanza na wa saba joto lake linakaribiana. Kinachopoza pale ni kimo. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka digrii 6 hivi. Sasa Kampala iko mita 1,200 hivi, Fort Portal mita 1,500 hivi. Tofauti mita 300. Piga hesabu: digrii 2.

Ndugu Mchapaji, baridi yako ilikuwa ni lile dirisha.

Shangazi Rubaga

😂😂😂 Laki na nusu!

Msafiri wa Busia

Mwalimu amemvua koti mchana kweupe.

Mchapaji wa Nasser

Mwalimu, hesabu naikubali, lakini hesabu yako haikukaa kiti kile. Na manyunyu je?

Mwalimu wa Ramani

Manyunyu nakupa. Ukungu na upepo vinapoza mwili kuliko kipimajoto kinavyosema, na mashati ya mikono mifupi hayapo kwenye fomula.

Mkiga Halisi

Mtu anayetaka baridi anaenda Fort Portal? Njooni Kabale mwezi wa 7. Sisi tuko karibu mita 2,000, asubuhi unaongea moshi unatoka mdomoni, watu wanakwenda shamba na koti. Halafu unapata na ziwa Bunyonyi na visiwa vyake. Fort Portal ni maua na salamu.

Abwoli wa Virika

Kabale ni nzuri, ndugu yangu, lakini bado ni manispaa. Mleta mada alisema jiji.

Mkiga Halisi

Mwalimu hilo linauma.

Mkiga Halisi

Na kutoka Kampala Kabale kwenda na kurudi siku moja ni kujiua, zaidi ya kilomita 400 kwenda tu. Lala. Mimi nasema lala.

Mkonjo wa Bwera

Nimenyamaza nikiwasikiliza mnavyougawana mlima wetu.

Rwenzori huioni kutoka kwenye mgahawa wa chai. Vilele vyenyewe viko upande wa Kasese: Margherita mita 5,109, wa tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na kuupanda unaanzia Nyakalengija au Kilembe, siku 7 au 8, matope ya magoti. Mwitaliano yule, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alifika juu mwaka 1906, lakini mizigo ilibebwa na mababu zetu, na barafu walikuwa wanaijua. Kwetu theluji inaitwa nzururu, na huko juu anakaa Kitasamba, mungu wa mlima. Babu alikuwa hanyooshi kidole kuelekea kule. Yule kijana wa boda aliyenyoosha mkono huyo hakulelewa na mzee.

Na tofauti na Kilimanjaro na Elgon, huu si mlima wa volkano. Ni mwamba mzima uliosukumwa juu bonde la ufa lilipofunguka. Hapo Mwalimu wa Ramani atanisaidia.

Cha kusikitisha ni barafu. Wakati wa huyo Mwitaliano ilikuwa kilomita za mraba zaidi ya 6. Leo haifiki 1. Kaka yangu ni mbebaji mizigo wa watalii, anasema pale alipokuwa akifunga kamba na misumari ya viatu kuanzia chini, siku hizi anatembea juu ya mwamba mtupu, kisha ndipo aikute barafu. Kila msimu wanahamisha ngazi. Kwa hiyo Mchapaji, ulikwenda kuitafuta theluji, usichelewe sana kurudi.

Kasese kwenyewe sasa, chini ya mlima huo huo, ni joto. Unatoka jasho huku unaangalia barafu. Huko koti lako ungelirudisha.

Mwalimu wa Ramani

Hapo kwenye mwamba uko sahihi, sina la kuongeza. Maziwa ya kreta ya Fort Portal ndiyo ya volkano, jirani tu, ndiyo maana watu wanachanganya.

Mzee wa Old Kampala

Kasese! Reli ilifika pale mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Nilipanda treni hiyo mtoto. Usiku mzima. Kulikuwa na behewa la chai.

Msafiri wa Busia

Mzee fungua uzi wako wa treni, tuko chini ya miguu yako.

Kondakta Mstaafu

Nimekuja kwa lile la dirisha. Wakuu, konda hana bisibisi. Konda ana tiketi na mdomo. Dirisha ni la gereji, na gereji ni Jumapili. Nilishawahi kufunga dirisha kwa bazoka, ile chingamu, ya abiria, bandika, paa, mpaka Hoima. Lile la gazeti ni la kitaalamu zaidi, nalichukua.

Ushauri wa bure kwa mnaotaka kwenda siku moja: basi la kwanza kabisa, na tiketi ya kurudi kata ukishuka tu, kabla ya chai. Jumapili jioni usijaribu, wanafunzi na mashada ya ndizi ya watu yote yanarudi Kampala kwa basi lako. Na ukisikia "linaondoka sasa hivi", hesabu kwanza viti vitupu.

Shangazi Rubaga

Kwa hiyo tukienda sisi 14, tulale au turudi? Bajeti ni ya kanisa.

Abwoli wa Virika

Mlale dada. Alfajiri ndipo mlima unajifunua, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku. Saa 12 na nusu mpaka saa 2, halafu wingu linarudi. Mtu anayefika saa 5 na kuondoka saa 10 amekuja wakati mlima umelala. Pandeni kilimani kwenye ikulu, Karuzika, lile jengo la duara. Lilikuwa gofu miaka mingi baada ya vita vya 1979, likatengenezwa kwa fedha za Gaddafi. Mfalme wetu Oyo alitawazwa mwaka 1995 ana miaka 3, alikuwa anacheza na magari ya bandia kwenye kiti cha enzi. Kutoka pale juu mji wote uko chini, na milima iko mbele, ikipenda.

Mchana mwombe mtu awapikie firinda. Maharage yamemenywa ganda moja moja, yakapondwa na samli. Ukisikia mpishi anasema "nusu saa tu", huyo hajayamenya.

Na kila mmoja wenu 14 ajiandae, ataulizwa.

Shangazi Rubaga

Tutasema tumepewa na Ateenyi.

Abwoli wa Virika

Ateenyi mwenyewe kwanza aje apewe kwa chakula. Mdogo wangu, nasema kweli. Ukija tena nitafute kupitia hapa, nitawaita shangazi zangu wawili, tutafanya kama inavyotakiwa. Labda watakuona sura yako ni ya Apuuli.

Mwana Beni

Kuku: nimeuliza. Alikuwa wa mama Furaha, alimupeleka kwa dada yake aliyezaa. Alifika salama. Anasalimia "yule kijana wa gazeti".

Mchapaji wa Nasser

😂 Msalimie sana mama Furaha. Mwalimu Abwoli, nimepokea, nitakuja, na safari hii nalala. Upande wa kushoto, mbele, mzee nimesikia.

Msafiri wa Busia

Mkuu, na ile tiketi ya Innsbruck, tupigie picha basi tuione. Huyo Mzungu wa watu labda yuko kwenye mtandao anaitafuta.

Mkiga Halisi

Iweke kwenye fremu dukani Nasser. Theluji pekee uliyoiona ni hiyo.

Mchapaji wa Nasser

Wakuu, nilipofika usiku ule koti lilikuwa linanuka dawa ya mitumba, nikalitumbukiza kwenye beseni la Omo nikalala. Asubuhi ndipo nikakumbuka mfuko wa ndani. Imebaki donge. Mimi, mtu wa karatasi.